Anti, nikienda chuo kwaya ya familia itakufa?

Marahaba mwanangu, shikamoo yako imefika. Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya benki mpaka namba yangu ikaitwa ikapita, kwa hiyo jua nimeisoma vizuri.

Kwa wasomaji wengine, kwa kifupi ni hivi. Huyu binti ana miaka 23, anaishi Dar na wazazi na wadogo zake watatu, na familia nzima ni waimbaji wa injili. Baba anapiga kinanda, anaimba besi na ndiye mwalimu, mama na mdogo wake wa kike wanapiga sauti ya kwanza, yeye ya pili, kaka mdogo aliyeko kidato cha nne ndiye anayeimba sauti ya tena (tenor), na katoto ka mwisho kanacheza mbele watu wanakatunza hela mpaka mifuko inajaa. Kila wikiendi spika na mikseri zinapandishwa kwenye Noah wanaondoka, Morogoro, Dodoma, Iringa, popote walipoalikwa, mikutano ya injili, mikesha, harambee za jengo la kanisa, uzinduzi wa albamu za watu. Sasa binti kapata nafasi chuo cha uuguzi kwa mara ya pili, ya kwanza aliiachia mwaka jana kwa sababu baba alisema wamalize albamu kwanza. Safari hii baba kasema huduma kwanza, chuo hakikimbii, na anayetoka kwenye kwaya ametoka chini ya baraka za wazazi. Bahasha za makanisani anashika baba, kinachoingia hakuna anayejua. Swali lake analiuliza hivi: "Anti, nikiondoka kwaya itakufa na mimi ndiye nitakuwa nimeiua?"

Haitakufa. Nenda chuo. Hilo ndio jibu langu na kama una haraka unaweza kuishia hapa, ila najua hujaniandikia kurasa zote zile upate mistari miwili.

Tuanze na hilo la baraka maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Baba yako hapo kachanganya madesa. Kuna baba, kuna mwalimu wa kwaya, kuna mhazini wa kikundi, na wote watatu ni mtu mmoja anayelala chumba cha pili, sasa wewe ukimwambia mwalimu wa kwaya nimepata chuo, anayekujibu ni baba, tena kwa sauti ya mchungaji. Mwalimu wa kwaya wa kawaida angekwambia tu sawa binti, tutakukumbuka, tafuta mtu umfundishe sehemu yako. Kwa hiyo usiingie kwenye mabishano ya baraka, utashindwa, mzazi akishataja baraka mtoto hana la kujibu. Rudisha mazungumzo kwenye kwaya yenyewe, nani ataimba nini, lini, na wewe utapatikana lini.

Na kwa vile baba ni mtu wa Neno, mpelekee Neno, tena kwa unyenyekevu sio kwa kumkomoa. 1 Nyakati 25. Pale kuna waimbaji wa hekaluni, watoto wa Asafu, wa Hemani na wa Yeduthuni, wanaimba chini ya baba zao kabisa, yaani ni familia kama yenu hivi, walikuwa 288 na wakapigiwa kura kugawanywa makundi 24 ya zamu. Zamu! Hawakuwa wanaimba wote kila siku. Mimi sura hiyo huwa naona watu wanairuka kwa sababu ni majina matupu mpaka mwisho, ila kwa familia inayoimba ile ndio sura yao. Mwombe baba aisome siku ya ibada ya nyumbani halafu nyamaza, usimalizie wewe.

Kuna na mfano wa miaka ya karibu zaidi kidogo, wa Marekani. Alikuwepo mzee anaitwa Roebuck Staples, watu walimwita Pops, mtu wa Mississippi aliyehamia Chicago akawa anafanya kazi viwanda vya nyama. Alikuwa na kikundi chake cha wanaume, wenzake wakawa hawaji mazoezini, akachoka nao akaamua kuimba na watoto wake mwenyewe, 1948 wakaanza kuzunguka makanisani pale pale mjini. Sasa sikiliza hapa. Miaka ile ya mwanzo watoto walikuwa shule, mzee kazini, kuimba ni siku za mapumziko. Mavis, binti mwenye ile sauti nzito iliyokuja kujulikana dunia nzima, alimaliza sekondari 1957 na hapo ndipo wakaingia barabarani moja kwa moja. Mzee alisubiri! Na walikuwa tayari na rekodi redioni, hela ilikuwa inaita. Halafu baadaye mtoto wa kiume, Pervis, akatoka kwenye kikundi, dada yao Yvonne akashika nafasi, The Staple Singers wakaendelea tena wakawa wakubwa kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtu akikwambia kikundi cha familia kinakufa mmoja akitoka, mwambie asikilize rekodi za hao watu za baada ya hapo.

Kwenu nani ashike sauti ya pili? Mimi naona ni mama. Umeandika mwenyewe kwamba siku hizi akipanda zile noti za juu anakohoa na anakunywa tangawizi njia nzima, sasa kwanini anang'ang'anizwa huko juu? Mdogo wako abaki na sauti ya kwanza peke yake, mama ashuke, wewe muda huu kabla ya kuripoti mfundishe sehemu zako wimbo kwa wimbo, mrekodi kwenye simu abaki nazo. Ukienda kwa baba na hilo mkononi unakuwa umekuja na mpango, sio na taarifa ya kujiuzulu.

Ila kitu kimoja usimuahidi, kwamba utakuwa unakuja kila wikiendi. Najua utashawishika kuahidi ili yaishe. Uuguzi sio kozi ya Jumatatu mpaka Ijumaa mwanangu, ukianza mazoezi ya wodini kuna zamu za usiku na za Jumapili na hakuna wa kukuombea ruhusa kwamba una mkesha Kibaha. Ahidi likizo tu, na Krismasi kama hujapangwa zamu. Kidogo unachokitimiza. Ada isiwe kisingizio pia, bodi ya mikopo HESLB tangu mwaka wa masomo 2023/24 inatoa mkopo kwa baadhi ya kozi za stashahada na za afya zimo, kwa hiyo fuatilia dirisha la maombi lifunguliwapo, usingoje bahasha ya mtu.

Sasa aliyeniumiza mimi kwenye barua yako sio wewe, nisamehe, wewe ni mtu mzima na utavuka. Ni huyo kaka yako. Umeandika kwa kupitia tu, kama jambo la kawaida, kwamba mkitoka Dodoma usiku wa Jumapili mnaingia Dar alfajiri, yeye anavua shati la kwaya humo humo ndani ya gari anavaa la shule, mama anamfuta uso kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chupa, anashushwa getini na macho mekundu. Na Jumatatu nyingine hafiki kabisa. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba! Huyo hawezi kuahirisha kama ulivyoahirisha wewe, mtihani haujui kwamba mlikuwa na huduma. Na usisahau huyo ni kijana wa kiume kwenye umri huo, sauti yake bado inatafuta pa kukaa, kumwimbisha sauti ya tena Ijumaa mpaka Jumapili ni kuichosha kabla haijatulia.

Kwa hiyo ukikaa na baba, kabla hujasema la kwako sema la mdogo wako. Kuanzia sasa mpaka amalize mtihani asisafiri nje ya Dar. Kama baba atakataa kabisa basi angalau zile safari za Dodoma na Morogoro, treni ya SGR ipo, tangu 2024 inafika mpaka Dodoma, kijana akimaliza kuimba ibada ya asubuhi apandishwe ya mchana au ya jioni alale kitandani kwake. Nauli yake itoke kwenye bahasha, ndio kazi ya bahasha hiyo.

Na kuna hili ambalo hata hukuuliza. Baba ndiye dereva. Amepiga kinanda mkesha mzima, ameimba, ameongea na wazee wa kanisa, halafu anashika usukani usiku kama kilomita 450 na familia yake yote iko ndani na mizigo ya spika nyuma. Hapana jamani. Hapo hata mama asikae kimya. Mlale kwa mzee wa kanisa, mwondoke asubuhi, au atafutwe dereva wa kuwapokea. Barabara ile sote tunaijua na malori yake.

Hela. Simwiti baba yako mwizi, na wewe usimwite. Kwa maelezo yako mafuta yanajazwa, sare mpya zinashonwa, kodi inalipwa, kwa hiyo naamini hela inaliwa nyumbani kwenu tu, tatizo ni kwamba haisemwi. Mchungaji anamvuta baba nyuma ya gari, anampa mkono wenye bahasha, baba anaitia koti la ndani na hapo ndio mwisho wa taarifa. Usianze kwa kudai hesabu za nyuma, utapigana vita ya miaka mitatu iliyopita ukose cha mbele. Omba daftari. Kuanzia safari ijayo, kilichoingia cha bahasha, cha kutunzwa, cha flashi mlizouza, na zile zinazotumwa kwa lipa namba, halafu mafuta, chakula, matengenezo ya vyombo. Mdogo wako wa kike aandike, maana umesema ana mwandiko mzuri na baba anamdekeza, kwake hatakasirika. Nakuhakikishia ikikaa kwenye karatasi kuna safari mtagundua mnaenda kwa hasara, mnaalikwa Iringa mnapewa hela ya mafuta ya kwenda tu na soda, mnarudi kwa mfuko wenu mkisema Mungu atalipa. Atalipa, sawa, ila hata mwenyeji naye aulizwe kwa heshima kabla hamjapakia spika.

Na zile nyimbo mbili ulizotunga wewe, kabla albamu haijatoka hakikisha zimeandikishwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako kama mtunzi. Sio kwa ubaya. Mwambie baba kwamba hata yeye za kwake aandikishe, muende siku moja wote wawili, itakuwa safari fupi kuliko zote mlizowahi kwenda.

Sasa namna ya kulisema. Mama kwanza, jikoni, mkiwa wawili. Umeandika kwamba ukitaja chuo mama anainama anaendelea na kazi, wewe umeona ni kukubaliana na baba, mimi sioni hivyo, mimi naona mtu anayeogopa kuulizwa upande wake. Muulize moja kwa moja, mama wewe unatakaje? Akiwa na wewe mwende wote kwa baba. Akiwa hayuko na wewe, muombe baba mdogo au yule mzee wa kanisa aliyewapigia magoti mlipoanza kuimba, mtu ambaye baba akisema naye hawezi kupandisha sauti. Usimtumie mchungaji wenu kama ndiye anayewapangia ziara, huyo naye ana maslahi yake hapo, tuseme ukweli.

Baba anaweza kununa. Atanuna, tena mwezi mzima. Anaweza hata kutangaza kanisani ombeni kwa ajili ya binti yetu, na watu wakugeuzie shingo. Kaa kimya, piga sauti ya pili yako mpaka siku ya kuripoti, barua ya chuo itunze wewe na sio kwenye kabati la mzazi.

Umeuliza mwishoni kuhusu ule mkutano wa Singida wa mwezi wa nane, kama uende au ugome. Nenda, mmeshaahidi na wenyeji wameshabandika mabango yenye sura zenu. Ila haya yote myaongee kabla ya kuondoka, msiyaongelee njiani, maana ndani ya Noah hakuna pa kukimbilia na mwenye hasira ndiye atakuwa ameshika usukani.