Chui, duma na jamaa zao: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu wanyama wa jamii ya paka wenye madoa, na karibu zote zimeanzia kwenye ubishi: mmoja alisema chui, mwingine akasema duma, na gari likaondoka kabla ubishi haujaisha. Nimejibu sita.

Tulipokuwa Serengeti tulimwona mnyama mwenye madoa amekaa juu ya kichuguu saa sita mchana. Dereva alisema ni duma, lakini mwenzangu alishikilia kuwa ni chui kwa sababu ya madoa. Nani alikuwa sahihi? (Morogoro)

Ningekwenda na dereva, maana kichuguu na saa sita mchana ni ushahidi wa kutosha kuanzia. Duma hutegemea macho na mbio, na kwa hiyo hutafuta mahali palipoinuka katika uwanda ulio wazi, akaketi wima akichungulia walipo swala tomi. Tena hupendelea kuwinda mchana kwa kuwa simba na fisi, ambao humnyang'anya mawindo yake bila taabu, saa hizo wengi wao wamelala. Chui saa hiyo ungemkuta amejilaza juu ya tawi la mti mkubwa kando ya mto, kama ilivyo kawaida pale Seronera, miguu ikining'inia pande mbili za tawi, na mara nyingi kinachomfichua ni mkia.

Ama madoa, ambayo kila mtu hukimbilia kuyataja, mimi huyaweka mwisho. Kazi ya madoa ni kumficha mnyama, kwa hiyo tusishangae yakishindwa kumtambulisha. Katika nyasi zilizokauka, kwa umbali wa mita mia moja, ya chui na ya duma hayana tofauti machoni pa mgeni. Tazama uso kwanza. Duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka pembe za ndani za macho hadi pembe za mdomo, mithili ya mtu aliyelia wanja ukamchuruzika, na chui hana mistari hiyo. Kisha tazama umbo: duma ana miguu mirefu, kiuno chembamba, kifua kilichoshuka na kichwa kidogo kuliko mwili wake unavyostahili, ilhali chui ana shingo nene, mabega mazito na miguu mifupi yenye nguvu ya kupandisha swala mzima mtini. Ikiwapo darubini, ndipo yafuate madoa. Ya duma ni matone meusi yaliyojaa, moja moja, kana kwamba mtu alichovya kidole kwenye wino akakigandamiza mwilini mwake. Ya chui, hasa mgongoni na ubavuni, hujikusanya yakafanya pete zilizokatika-katika, na ndani ya pete manyoya yamekolea rangi kuliko nje. Lakini kichwani na miguuni chui naye ana matone yaliyojaa, hivyo aliyeona mguu tu umechomoza kichakani asiharakishe kuapa.

Mbuzi wetu wameuawa, na wazee wanabishana ni chui au duma. Je, nyayo zinaweza kutuambia? (Longido)

Zinaweza, kama ardhi ni laini na mifugo haijazikanyaga. Kucha za chui hurudi ndani ya ala zake anapotembea, kwa hiyo unyayo wake ni wa mviringo na hauna alama yoyote mbele ya vidole. Za duma hazirudi zote ndani, kwa kuwa humsaidia kushika ardhi anapokimbia, na vitone vya kucha huonekana mbele ya kila kidole. Tatizo ni kwamba mbwa na fisi nao huacha kucha, kwa hiyo chunguza pia kitanga cha katikati: cha paka yeyote mkubwa kina vinundu vitatu kwenye ukingo wa nyuma.

Zaidi ya nyayo, ningeuliza mbuzi walikufa wapi na lini. Aliyeruka ua wa boma usiku, akamburuta mbuzi hadi kichakani au juu ya mti, kisha akarudi usiku uliofuata kumalizia, ana dalili zote za chui. Duma hukamata mbuzi mdogo malishoni, mchana, mchungaji akiwa ameghafilika, hula haraka hapo hapo, na kwa kawaida harudi kwenye mzoga. Jibu hili lina faida ya moja kwa moja kwenu, kwani ua ulioimarishwa humzuia chui, na kwa duma ua hausaidii kitu. Huyo dawa yake ni mchungaji aliye macho.

Kuna paka mkubwa mwenye madoa na masikio marefu anayezunguka shambani kwetu. Je, ni mtoto wa chui? (Iringa)

Ni mondo. Masikio hayo makubwa, miguu mirefu na mkia mfupi ni vyake, na hata akikua kabisa ni mnyama asiyezidi kilo 18 hivi. Chakula chake kikubwa ni panya. Fungeni banda la kuku vizuri, naye mwacheni afanye kazi yake.

Wazee wetu husema chui wa Unguja alikuwa mdogo na madoa yake yalikuwa madogo sana. Isije ikawa alikuwa duma? (Makunduchi)

La. Duma huhitaji uwanda mpana wa kukimbilia, na misitu na vichaka vya maweni vya Unguja haviwezi kumlisha. Hata hivyo wazee wenu wanakumbuka vizuri, kwa sababu chui wa kisiwani alikuwa kweli mdogo kuliko wa bara, na pete zake zilikuwa zimemeguka-meguka zikawa vidoa vingi vilivyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu Mwingereza, Pocock, alimweka katika nususpishi (yaani tawi la spishi moja) ya peke yake. Imani kwamba wapo chui wanaofugwa na wachawi ilimponza: baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, na leo wataalamu wengi humhesabu kuwa ametoweka, ingawa video ya usiku iliyotangazwa mwaka 2018 iliamsha mjadala upya.

Wanangu wanasoma Kiarabu shuleni na wamenikwamisha: kati ya nimr na fahd, chui ni yupi? (Maskati)

Nimr ni chui na fahd ni duma. Mkanganyiko unatokana na matumizi ya siku hizi, ambapo wengi humwita nimr yule mwenye mistari wa Asia, ambaye sisi humwita chui milia. Nimr wa asili mnaye huko huko Omani, katika milima ya Dhofar, ambako hifadhi ya Jabal Samhan ilianzishwa mwaka 1997. Ni chui mdogo, dume likiwa na kilo 30 hivi, na rangi yake imepauka. Fahd ndiye aliyefunzwa na Waarabu wa zamani kuwinda, akapakiwa nyuma ya mpanda farasi, jambo ambalo nisingemshauri mtu kulijaribu kwa chui.

Kwenye bustani ya wanyama hapa kuna jagwa, na mimi naona chui tu. Kuna tofauti gani? (Minnesota)

Tazama ndani ya pete. Jagwa ana pete kubwa na chache, na nyingi kati ya hizo zina kidoa kimoja au zaidi katikati, ambacho kwa chui ni nadra kukikuta. Kichwa chake ni kipana zaidi na mkia mfupi zaidi, na taya zake hupasua fuvu la mamba mdogo wa huko kwao. Porini hawakutani kabisa: jagwa ni wa bara la Amerika, kuanzia Meksiko hadi Argentina, na chui ni wa Afrika na Asia. Kazi ni pale wote wawili wanapozaliwa weusi, maana hutokea kwa jagwa na kwa chui pia, kama yule wa Laikipia ambaye picha zake zilisambaa mwaka 2019. Hata hapo subiri jua la asubuhi limpige ubavuni, kwa kuwa pete bado zipo chini ya weusi, kama nakshi ya uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.