Kabla ya kuinua pikapu, ipeleke kwenye mizani

Picha ninazotumiwa kwenye simu hazitofautiani sana. Hilux au D-Max imeegeshwa vumbini, tairi pana, tumbo juu, na chini yake swali: "Bro, yako uliinua inchi ngapi?" Sijawahi kuulizwa gari langu lina kilo ngapi. Hata mimi sikujiuliza, na ndiyo sababu nimeinua pikapu moja mara mbili na kulipa mara mbili.

Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola. Nyumbani ni Lang'ata, lakini wateja wengi wako upande wa Magadi na kule mbele Nguruman, ambako lami imeshakuaga zamani. Gari ni Hilux Vigo dabo kebu ya dizeli: mbele koili, nyuma springi za mabamba. Nyuma kuna sanduku la spana, jenereta, roli za waya, vipande vya mabomba na fremu ya chuma ya kubebea paneli. Mzigo huo haushuki. Hata Jumapili tukienda kanisani unatusindikiza.

Mara ya kwanza niliinua kwa pupa. Mtu alinifungia vibloko vya chuma: vya mbele juu ya koili, vya nyuma kati ya ekseli na springi. Saa mbili tu, elfu tisa pamoja na ufundi, na gari likasimama kama mbuni. Nililipiga picha pale pale.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba kibloko hakiongezi nguvu yoyote. Springi zangu za nyuma zilikuwa zimechoka, mabamba yamenyooka kabisa, na niliziacha zile zile. Urefu ulikuja, uchovu ukabaki. Nikipakia, nyuma inaketi na kugonga ule mpira wa kuzuia ekseli isifike kwenye chesi. Mbele nako kukawa na mlio, tak, kila gurudumu liliposhuka upande wa pili wa tuta, kwa sababu kibloko kinaisukuma koili na shoki chini na kuliruhusu gurudumu kuning'inia kupita kiwango lilichoundiwa.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonitisha kilikuwa breki. Tulikuwa tunateremka kutoka Kona Baridi kuelekea Olepolos, tumebeba pampu mbili na mabomba, kijana ninayefanya naye kazi akanusa hewa na kusema, "Mzee, kuna kitu kinaungua." Nilisimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba. Ya nyuma nikayagusa kwa mkono: vuguvugu tu. Nikadhani nimeuziwa pedi za bandia, nikabadilisha pedi. Safari iliyofuata, moshi ule ule.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Industrial Area ambaye sote tunamwita Guka. Hakufungua hata boneti. Alitandika katoni, akalala chali chini ya nyuma ya gari na kuniita nilale kando yake. Akanionyesha kijiti cha chuma kinachotoka kwenye ekseli hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesi.

"Kijana wangu, unajua hiki ni cha nini?"

Sikujua. Akaniambia hicho ndicho hupima mzigo. Gari likipakiwa, chesi inashuka karibu na ekseli, kijiti kinasukumwa, na valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu chesi iko juu, valvu inabana, ili magurudumu mepesi ya nyuma yasifunge na kukuzungusha barabarani. Sasa mimi nilikuwa nimeitenganisha chesi na ekseli kwa inchi 2 za chuma na kile kijiti hakikuguswa. Kwa akili ya ile valvu, gari langu lilikuwa tupu siku zote. Breki za mbele zilifanya kazi ya magurudumu manne kwenye mteremko wa Bonde la Ufa.

Kwa hiyo ukiinua nyuma, muulize fundi kwa sauti: hiki kijiti umekirekebisha? Si kila pikapu inacho, lakini Vigo nyingi zinacho. Akikutazama kama umeuliza habari za mwezini, chukua ufunguo wako.

Guka alikataa kuniuzia chochote siku hiyo. Alinituma kwenye yadi ya vyuma chakavu iliyokuwa hatua chache kutoka gereji, yenye mizani ya malori, nipime ekseli moja moja: kwanza magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma. Mbele ikasoma kilo 1,090, nyuma 1,210. Nikarudi nyumbani, nikashusha kila kitu hadi ile fremu, kesho yake nikapima tena: nyuma 830. Kabla ya hapo ungeniuliza vifaa vyangu vina uzito gani ningekuapia kwamba havizidi kilo 200. Vilikuwa 380, na hapo sijaweka pampu ya mteja.

Hizo namba ndizo zinazonunua springi. Wanaotengeneza seti hizi, kama Old Man Emu au Ironman 4x4 wa Australia, hawauzi springi moja ya Hilux. Wanazo za daraja tofauti kulingana na mzigo unaokaa kwenye gari siku zote, na mbele vilevile kulingana na kama umefunga ngao ya chuma na winchi au hapana. Ukichukua ya mzigo mzito kwa sababu inaonekana ya kiume, na gari lako hubeba ndizi za nyumbani mara moja kwa mwezi, utaendesha ubao. Nyuma itarukaruka, tairi itakuwa hewani nusu ya muda, na kwenye kona yenye changarawe utajua hujui. Ukichukua nyepesi na una kilo 380 za kudumu, utarudi kwenye vibloko. Ila springi ngumu haibadilishi uzito wa juu ambao gari lilipitishiwa. Ekseli, breki na chesi ni zile zile.

Shoki haiinui gari, na hili bado nabishana nalo kila wiki. Springi ndiyo inayobeba. Shoki kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Ukiweka shoki ndefu juu ya springi zilizochoka umepata shoki ndefu, basi. Lakini ukiinua kwa springi na kuacha shoki fupi za zamani, gurudumu likining'inia shoki ndiyo inayolishika, na itang'oka au ivuje. Vinunuliwe pamoja.

Kutoka Magadi kwenda Nguruman barabara imejikunja kama bati. Mle ndani shoki hupanda na kushuka bila kupumzika, oili inachemka na kutoa povu, na shoki yenye povu ni sawa na pampu ya baiskeli iliyotoboka: unaisukuma na haikatai. Ndiyo maana nzuri hujazwa naitrojeni, kwa sababu oili iliyo chini ya shinikizo haitoi povu upesi. Kuna zenye bomba moja, ambazo hupoa haraka zaidi, na zenye bomba mbili, moja ndani ya nyingine. Wengi watakushauri bomba moja, na kwa kasi wana haki. Mimi nilichukua bomba mbili zenye gesi. Katika bomba moja pistoni husugua ukuta wa nje wenyewe, kwa hiyo jiwe likibonyeza ukuta huo pistoni inakwama, na mimi hupita kwenye mawe kila wiki. Mkebe wa shoki yangu ya nyuma kulia una kovu la ukubwa wa kidole gumba na bado unafanya kazi.

Mtihani wa kukanyaga bampa na kuhesabu gari linacheza mara ngapi hauniambii mengi kwenye pikapu nzito. Ninaoutumia ni huu: baada ya nusu saa ya mabati, simama na usogeze mkono karibu na kila shoki, usizishike. Zinazofanya kazi zitakuwa za moto. Ile iliyopoa kati ya za moto ndiyo iliyokufa.

Na kabla hujatumia hata shilingi, punguza upepo. Nikiacha lami hushusha tairi kutoka psi 36 hadi 26, napunguza na mwendo, na nusu ya mtetemo ambao watu huulaumu kwa shoki huondoka bure. Uwe na pampu ya kujaza tena ukifika lami.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi, nikakaa na Guka kuanzia asubuhi. Kwanza alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na kuandika kwa chaki kwenye ukuta wa gereji. Hakupima kutoka ardhini, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo ingedanganya. Nyuma kulia ilikuwa chini kwa milimita 12 kuliko kushoto, upande ninaoweka jenereta. Kuanzia siku hiyo jenereta imehamia katikati.

Koili za mbele zilikazwa kwa mashine ya kubana, iliyofungwa sakafuni. Usikubali mtu akubanie koili kwa waya au kwa vyuma viwili vya kuokoteza. Ikifyatuka haichagui mtu. Yubolti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, tulinunua mpya. Za zamani zimeshavutika na uzi wake hauaminiki. Kisha likaja jambo ambalo ningelikosea. Bolti za springi, zile zinazopita kwenye bushi za mpira, Guka alizikaza kwa vidole tu. Akashusha jeki, akalisukuma gari mbele na nyuma likae sawa, ndipo akaingia chini kuzikaza kabisa. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unashikwa katika hali hiyo, na gari likishuka unabaki umesokotwa. Utachanika mapema, halafu utasema bushi ni feki.

Tuliinua inchi 2, na sivuki hapo kwa gari lenye mbele ya koili. Hapo ekseli fupi za mbele tayari zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Ukitaka zaidi uwe tayari kushusha difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili), kubadilisha armu za juu zinazoshika gurudumu na kurefusha mipira ya breki. Propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, nayo ilitetema kidogo nikiondoka na mzigo, mpaka tukaishusha beringi yake ya katikati kwa vipande vyembamba.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ni siku hiyo hiyo, na udai karatasi. Sehemu nyingine watanyoosha tairi zitazame mbele na kukuaga. Ukiinua mbele, kasta inapungua, yaani ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, na kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Bila hiyo gari linatangatanga barabarani kama mlevi wa adabu. Uliza kasta kwa jina lake, uone namba ya kabla na ya baada. Taa pia zishushwe, usiwachome macho wenzako kwenye barabara ya Magadi usiku. Bima niliwaandikia barua, wakajibu kwa mstari mmoja.

Tairi nilipanda hatua moja, kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17. Ekseli ilipanda milimita 13 tu, lakini kumbuka ni hiyo milimita 13 pekee inayoiinua difu kutoka kwenye mawe. Springi huinua chesi na tumbo, haiinui difu ya nyuma. Mshale wa kasi sasa unadanganya kidogo: ukisema 80 unakwenda karibu 83.

Seti yote ilinila zaidi ya laki moja na nusu, na ile elfu tisa ya kwanza sikurudishiwa. Baada ya kilomita 500 nilirudi kukaza yubolti, na moja ilizunguka karibu nusu duara. Baada ya 1,000 tulipima tena kwenye chaki: springi zilikuwa zimekaa, nyuma imeshuka milimita 8, pande zote sawa.

Malalamiko yamekuja kutoka kwa mama tu. Jumapili ya kwanza alisimama mlangoni na kitenge chake, akatazama kiti, akanitazama mimi. "Unataka nipande mti na miaka hii?" Nilimfungia ngazi ya pembeni. Bado anapanda kwa kunung'unika, ila akishaketi anapenda kuona juu ya matatu.

Wiki jana niliinama kukagua na nikakuta mafuta meusi yametapakaa ndani ya rimu ya mbele kushoto. Mpira wa CV, ule unaofunika jointi ya ekseli fupi ya mbele, umepasuka kwenye mkunjo, pale ambapo ile pembe kali inausugua. Jointi yenyewe bado haijaanza kulia kwenye kona. Nimeagiza mipira miwili, na Guka ameniambia nije Alhamisi, mapema, kabla ya jua kufika kwenye katoni yake.