Mchuzi wa kuku mkali: mbona wangu hautoki kama ule wa likizo?

SWALI: Nikiwa likizo nilikula mchuzi wa kuku mkali, rojo zito, viungo vimekolea. Tangu nirudi najaribu kuupika nyumbani. Nakaanga kitunguu dakika tano, natia nyanya, viungo vya unga, vipande vya kidari na maji, kisha nafunika dakika 40. Unatoka majimaji, viungo vina ladha ya ubichi na nyama imekauka. Nikizidisha pilipili, unawasha tu. Nakosea wapi?

JIBU: Pilipili haina kosa, ndugu msomaji. Maji yako yanaingia mapema mno. Harufu ya bizari nyembamba, giligilani na manjano hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Tena maji yakichemka hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali mafuta hupita hapo kwa mbali. Viungo visivyokaangwa unaweza kuvichemsha saa nzima na ule ubichi usiishe.

Anza na kitunguu, na usikiharakishe. Kwa kilo moja ya kuku, kata vitunguu vitatu vikubwa vipande vyembamba, weka mafuta vijiko vinne au vitano vya chakula na chumvi kidogo, moto wa wastani. Dakika 20 si nyingi. Unataka rangi ya kahawia iliyoenea sufuria nzima, si kingo zilizoungua huku katikati kukiwa kweupe. Uzito wa rojo na ule utamu wa chini kwa chini vinatoka hapa, na inaniudhi kuona mapishi yakiwaambia watu dakika tano. Kama una mdalasini, iliki na karafuu nzima, zitangulie kwenye mafuta ya moto kabla ya kitunguu.

Kisha tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, ukoroge mpaka harufu kali ya ubichi iondoke. Sasa punguza moto, utie viungo vya unga. Hapa usiondoke jikoni: nusu dakika hadi dakika moja inatosha. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji kijiko kimoja. Vikiungua, anza upya, kwa sababu uchungu wake hauondoki kwa sukari wala nyanya.

Nyanya zinafuata, nazo zikaangwe mpaka zipondeke kabisa na mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Hiyo ndiyo dalili ya kungojea, hata saa ikikuambia vingine. Maji ya nyanya yameshakauka na viungo vimeiva. Kuku anaingia baada ya hapo, ageuzwe dakika chache kwenye rojo, ndipo utie maji ya moto kikombe kimoja tu.

Kuhusu nyama, acha kidari. Kina mafuta machache na kwa dakika 40 lazima kikauke. Mapaja yenye mfupa yana kolajeni, protini ngumu ya kwenye ngozi na maungio, ambayo ikipikwa taratibu hulainika kuwa jelatini, ute unaoupa mchuzi uzito. Hayo yatastahimili dakika 35 hadi 40. Ukipenda kidari lazima, kiingie mwishoni, dakika 10 hadi 12, na kama una kipimajoto, katikati ya nyama pafike nyuzi 74.

Pilipili nayo itie pamoja na tangawizi. Kapsaisini, kinachowasha, huyeyuka kwenye mafuta, hivyo ukali utasambaa badala ya kukuchoma huku na kule. Sehemu kali zaidi ni ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukiukwangua, ukali unashuka na ladha ya pilipili inabaki. Ukizidiwa, usiongeze maji, ongeza mtindi: piga kwanza uwe laini, epua sufuria, uingize kijiko kimoja kimoja ukikoroga. Ukiumwaga wote kwenye mchuzi unaotokota, utakatika.

Angalia pia viungo vyenyewe. Vya unga hupoteza harufu ndani ya miezi, kwa hiyo nusa kabla ya kutumia. Usiposikia kitu, tupa. Ningekushauri ununue vizima, uvikaange bila mafuta, uvisage siku hiyohiyo. Garam masala, ule mchanganyiko wa viungo vya Kihindi, itie dakika tano kabla ya kuepua. Na zile dakika kumi za mwisho, mfuniko usiwepo kabisa.