Kizimba kinakatiwa utepe, chakula hakikatiwi

Juzi dada mmoja wa Kahama kaniandikia inbox. Mzee wao kastaafu, kiinua mgongo kimetoka, familia imekaa kikao wakakubaliana milioni sita ziingie kwenye samaki. Swali lake: "Kaka, nichimbe bwawa au nisubiri vizimba vya serikali?" Vizimba ni zile nyavu za kufugia samaki humohumo ziwani. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta, mwisho nikaona bora niandike hapa maana maswali ya hivi napata kila wiki na wote tunatafuta kitu kimoja, kutoka kimaisha.

Mimi nilianza 2021, Misungwi. Nilikuwa nimeangalia video mpaka usiku wa manane, bwawa linachemka samaki, jamaa kavaa gambuti anacheka. Nikachimba bwawa mita 20 kwa 15, kuchimba na mabomba vikala milioni moja na laki mbili. Shemeji yangu akatia milioni tatu, mwekezaji wangu wa kwanza na wa mwisho. Vifaranga 2,000 vya sato nikanunua kwa jamaa mmoja, jina silitaji, akaniapia ni madume matupu. Alikuwa anahesabu kwa chujio la chai, chujio moja anasema hamsini, anamwaga, anapiga stori, anamwaga, na mimi nacheka nae kama zuzu.

Kwa nini madume? Jike la sato likikaa bwawani miezi michache tu linaanza kuzaa, linaatamia mayai mdomoni, halili, halikui, alafu watoto wake wanageuka wanakula chakula chako. Mwezi wa tatu nikaona vitu vidogo kama kucha pembeni mwa bwawa. Nikamwita mke wangu aje aone, nikafurahi kabisa, nikajua nimepata vifaranga vya bure. Mungu anisamehe.

Mwezi wa nne hela ya chakula ikaisha. Nikaanza kuchanganya mwenyewe, dagaa, pumba na mashudu ya pamba, kitu kinazama chini kabla samaki hajageuka, kinaoza hukohuko. Alfajiri moja nafika nakuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanavuta hewa kama watu waliopanda mlima. Hewa majini imeisha. Nikachukua ndoo nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu mpaka jua likatoka, mikono inatetemeka, na bado wengine walielea.

Siku ya kuvuna shemeji alikuja na turubai na mizani yake. Zikatoka kilo 140 za kuuza, na ndoo saba za vitoto ambavyo hata mama ntilie alivikataa. Aliondoka hajanywa chai. Mpaka leo tukikutana msibani tunasalimiana kwa mbali.

Sasa dada yangu, hesabu ni hii. Kilo moja ya samaki inataka kama kilo moja na nusu ya chakula kizuri. Cha kuelea mimi nanunua 3,500 kwa kilo, kingi kinatoka nje kwaiyo dola ikipanda nacho kinapanda. Maana yake 5,250 imeshaingia tumboni mwa samaki kabla hujamlipa mlinzi, na mimi sokoni naachia 8,500. Samaki 2,000 wakifika gramu 300 ni kilo 600, zinataka chakula kilo 900, hiyo ni 3,150,000. Linganisha na milioni moja na laki mbili ya bwawa. Bwawa ndo kitu cha bei rahisi kwenye ufugaji wa samaki, na ndo kitu pekee tunachokipigia picha.

Serikali nayo hivyohivyo. Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba vya mkopo usio na riba. Jambo zuri, silipingi. Kikundi chetu tuliandika barua hatukuitwa, na sitadanganya, inaniuma. Lakini kizimba bila mfuko wa chakula wa miezi sita ni wavu tu. Na ziwani kuna lake pia, upepo ukigeuza maji, yale ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu na samaki wa kizimba hana pa kukimbilia. Wakenya walishapita njia hii, 2009 serikali yao iliamua kuchimba mabwawa 200 kila jimbo, majimbo 140, na vifaranga na chakula cha kuanzia wakapewa. Msaada wa chakula ulipoisha mabwawa mengi yakaachwa.

Na watu wenye hela zao ni walewale. Mtu anakuja na milioni zake anauliza una mabwawa mangapi. Hajawahi kutokea hata mmoja akauliza stoo yangu ina mifuko mingapi. Vijana wenzangu tuacheni kupenda vitu vya kuonyesha! Anza na chakula, pesa ya chakula iwe pembeni yote kabla hujashika jembe, kama haitoshi samaki elfu mbili fuga mia tano. Vifaranga hesabu mwenyewe, kimoja kimoja, hata kama muuzaji ananuna. Na nasema tena, chakula.

Mimi bwawa ni lilelile, sasa naweka 800 tu. Mwezi uliopita nimevuna kilo 255, samaki mmoja anagonga gramu 350, mama wa pale stendi kanunua wote asubuhi moja na kanilipa keshi. Nilitamani shemeji awepo.

Basi yule dada nikamjibu kwa ufupi, nikamtumia na picha ya risiti yangu ya chakula ya mzunguko huo. Tiki mbili za bluu, kimya. Jana usiku ndo kaandika: "Kaka, na kuku je?"