Kabla ya Kuchoma Homoni, Angalia Mishipa

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 48, naishi Mbagala, nina kitambi na kisukari. Tangu mwaka jana nguvu za kiume zimepungua. Nilipima testosteroni saa tisa alasiri, ikaja 8.9. Kolesteroli ya LDL, yaani lehemu mbaya, ilikuwa 4.3. Niliandikiwa atorvastatini ya kushusha lehemu, nikaiacha baada ya kuambiwa dawa za lehemu zinaua homoni ya kiume. Sasa muuza dawa mmoja ananishauri nichome sindano za testosteroni. Nichome?

JIBU: Usichome kwanza, ndugu yetu. Kipimo kimoja cha alasiri hakitoshi kusema una upungufu. Homoni hii hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo hupimwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, na majibu yakiwa chini hurudiwa siku nyingine. Usipime ukiwa na homa ya malaria au umekesha zamu ya usiku. Vyote viwili huishusha. Angalia pia kizio cha kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi: 8.9 ya nmol/L ni sawa na takriban 257 ya ng/dL.

Kitambi nacho kina mkono wake. Mafuta ya tumboni hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Tena kwa mwenye kitambi na kisukari, protini inayoibeba homoni hii kwenye damu, SHBG, mara nyingi huwa chache, hivyo jumla ya homoni husomeka chini hata kama ile inayofanya kazi inatosha. Mwombe daktari apime SHBG na LH, homoni ya ubongo inayoziamrisha korodani, pamoja nayo.

Lakini kinachotutia hofu ni ile LDL ya 4.3. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ya moyo 3 hadi 4. Sukari, presha, sigara na lehemu vinapoharibu utando wa ndani, mshipa mwembamba ndio unaoonyesha dalili mapema. Ndiyo maana nguvu za kiume zinaweza kupungua miaka kadhaa kabla kifua hakijauma. Mwanaume wa umri wako mwenye kisukari akija na tatizo hili, tunataka moyo wake uchunguzwe: presha, HbA1c (wastani wa sukari wa miezi kama mitatu), ECG (kipimo cha umeme wa moyo), figo. Kwa Dar es Salaam, daktari akiona kuna haja atakupa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Rudi kwa aliyekuandikia atorvastatini. Ni kweli mwili hutengeneza testosteroni kutokana na kolesteroli, na uvumi huo umezaliwa hapo. Ila korodani zina uwezo wa kujitengenezea kolesteroli zenyewe, na punguzo linaloletwa na dawa hizi ni dogo mno. Kwa mwenye kisukari, LDL inatakiwa ishuke chini ya 2.6, na mwenye hatari kubwa chini ya 1.8.

Ikithibitika kweli una upungufu, tiba ipo. Utafiti wa TRAVERSE wa Marekani, uliotolewa mwaka 2023 na kuhusisha wanaume zaidi ya 5,200, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi kwa waliopakwa jeli ya testosteroni. Ila mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi kwao. Kwa hiyo pima hematokriti, yaani kiasi cha chembe nyekundu kwenye damu, kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi 3 hadi 6. Ikivuka asilimia 54 damu imekuwa nzito, tiba isimamishwe.

Na tafadhali sana: ukimeza sildenafili, dawa ya kusaidia nguvu za kiume, kisha kifua kikakubana, mwambie daktari umemeza saa ngapi. Dawa ya naitreti, inayotolewa kwa maumivu ya moyo, ikitolewa ndani ya saa 24 inaweza kuiporomosha presha hadi kuua.

SWALI: Nina miaka 26, nanyanyua vyuma Sinza. Nachoma testosteroni na kumeza vidonge vya misuli. HDL, lehemu nzuri, imeshuka hadi 0.6. Nifanye nini?

JIBU: Acha vidonge leo. Vinapita kwenye ini na ndivyo vinavyoangusha HDL kuliko sindano. Kwa mwanaume, chini ya 1.0 tayari ni pungufu. Sindano nazo zinaudanganya ubongo kwamba homoni ipo tele, unaacha kuziamrisha korodani, mbegu zinakauka. Kurudi kwake huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwone daktari wa homoni akusimamie unapoacha, kwa sababu uchovu na huzuni vya wiki za mwanzo ndivyo vinavyowarudisha wengi kwenye sindano.

SWALI: Supu ya pweza inapandisha testosteroni?

JIBU: Hatujui ushahidi wowote wa hilo. Pweza ana kolesteroli, ila mafuta yanayopandisha LDL ni machache mwilini mwake. Kunywa bila wasiwasi, punguza chumvi. Tui zito la nazi na chipsi za kila jioni ndivyo vya kupunguza.