Kupima mawimbi ya ubongo Goma: kabla hujawasha mashine

Anayeanza kazi ya EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi (vidude vinavyobandikwa kichwani), hukimbilia kompyuta. Lakini rekodi nyingi mbovu huharibikia kichwani mwa mgonjwa au ardhini chini ya jengo, na programu haiziponyi. Mawimbi yakifika kwenye ngozi huwa yamebaki makumi ya mikrovolti tu. Uzembe mdogo huyafunika.

Shika utepe wa fundi cherehani. Mfumo wa 10-20, unaopanga elektrodi kwa asilimia 10 na 20 za vipimo vya kichwa, uliotangazwa 1958, haukubali kukadiria kwa macho. Pima kutoka kibonde cha juu ya pua, kupitia utosini, hadi kinundu cha kisogo. Ukipata sentimita 36, hatua ya kwanza ni 3.6, nne zinazofuata ni 7.2 kila moja, ya mwisho 3.6. Pima tena kutoka mbele ya sikio moja hadi la pili. Nusu za mistari hiyo zinapokutana ndipo Cz, elektrodi ya katikati ya utosi. Kwenye majina ya elektrodi, namba witiri ni kushoto, shufwa kulia.

Misuko ndiyo mtihani wenyewe. Mpe mgonjwa taarifa mapema: "Mama, kesho osha nywele kwa sabuni, usipake mafuta, na meshi uzitoe." Akija bado amesuka, pita katikati ya mistari. Ukilazimika kusogeza C3 sentimita moja, isogeze C4, pacha wake wa kulia, vilevile, na uandike. Ukisogeza upande mmoja tu, umbali kati ya elektrodi hautalingana, mawimbi ya upande mmoja yatafupika, na daktari atadhani kuna ugonjwa pale ambapo kuna msuko tu.

Sugua ngozi kwa jeli ya kusafishia bila kuichubua hadi ukinzani ushuke chini ya kilo-ohm 5, na elektrodi zote zikaribiane. Ukiona chini ya ohm 100 usifurahi: jeli imemwagika hadi kwa jirani, elektrodi mbili zimekuwa moja, mstari wake kwenye skrini unalala.

Sasa umeme. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na lava ngumu haipitishi umeme vizuri wala haiingizi kirahisi nondo ya ardhi, ile inayopeleka umeme uliopotea ardhini. Mara nyingi mtaro mrefu wenye waya wa shaba, uliofukiwa kwa udongo laini, hufaa kuliko nondo moja. Upime kwa kifaa cha kupimia ardhi (multimeta haitoshi), tena wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Kwenye rekodi, chomoa chaja na utumie betri ya kompyuta. Kichujio cha 50 Hz, kinachokata mvumo wa umeme wa ukutani, kiwe cha mwisho: jenereta iliyochoka hutoa 48, ambayo hukiponyoka, na kama mstari mmoja tu ndio unaovuma, tatizo ni elektrodi hiyo.

Kabla ya dakika 20 za rekodi, mwambie afumbe macho. Mawimbi ya 8 hadi 13 Hz yajitokeze kwa wingi nyuma ya kichwa, kwenye elektrodi O1 na O2, yapungue akifumbua. Yakitawala mbele, waya zimebadilishana. Wengine hawana kabisa, na hilo peke yake si ugonjwa.

Kupumua kwa nguvu dakika 3 huonyesha mengi, hasa kwa watoto, lakini huibana mishipa ya damu ya ubongo. Kwa hiyo uliza kwanza: mtoto ni SS, yaani ana selimundu? Amewahi kupooza upande mmoja? Ana ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu? Jibu likiwa ndiyo, au mzazi hajui kama mtoto ni SS na hakuna kipimo, ruka hatua hiyo na uandike sababu kwenye fomu, ili daktari asidhani umesahau.