Muulize Ami: Nani aongoze Mordor?

Shikamoo Ami. Katika Middle-earth Strategy Battle Game, mchezo wa mezani wa vita vya vinyago, nina jeshi la Mordor, nchi ya waovu katika hadithi za Tolkien. Nimtie Nazguli, mzuka anayepanda mnyama wa kuruka, au makapteni wawili wa Orki, wale askari wa kawaida wa Mordor? — Msomaji, Wete

Marahaba mwanangu. Chukua makapteni. Nazguli hutisha, lakini anakula pointi nyingi mno za kuundia jeshi, na akifa jeshi linabaki kama watoto waliopotea Darajani. Kapteni mmoja ana nukta mbili za nguvu: kila nukta hupandisha namba ya dadu kwa moja, au unainunulia zamu ya kutangulia kusogea. Miye nilijitia ujuba na Nazguli wangu. Aliuawa mapema, hapa barazani Mkunazini, mpwa wangu akacheka hata kahawa ikamwagikia ngome. Mganga wa Orki naye mtie. Uganga wake huwazuia askari wasikimbie.